Wasomaji Wanauliza: Mitungi, Bawa na Mapezi ya Kuzamia Kina Kirefu

Barua za safari hii zimetoka Nungwi, Matemwe, Kiwengwa, Kendwa, Mkoani, Wete na kwingineko, na zote zimegusa jambo moja: vifaa vya uzamiaji wa kiufundi, ule ambao mzamiaji hawezi kupanda moja kwa moja hadi juu bila kusimama njiani ili naitrojeni imtoke mwilini taratibu. Tumezifupisha, maana hatukuigeuza. Kwa anayesoma haraka haraka: chagua kwa mpangilio huu, nguo, mtungi, bawa (mfuko wa mgongoni unaotiwa hewa ili uelee), halafu mapezi. Wengi huanza na bawa kwa sababu ndilo linalopendeza dukani, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mwongoza wazamiaji, Nungwi. Nataka kuanza mafunzo ya kiufundi. Kituoni kwetu mitungi ya alumini iko tele, ila kuna mgeni anaondoka na anataka kuniuzia mitungi pacha ya chuma, lita 12 kila mmoja, kwa bei nzuri. Wenzangu wananiambia chuma ndiyo mtungi wa mzamiaji wa kweli. Nichukue?

Jibu: Waalaykumu salaam, kaka. Usimlipe mgeni bado. Tazama kwanza nguo utakayovaa. Maji yetu yanacheza kati ya nyuzi 25 wakati wa kusi na 29 hivi wakati wa kaskazi, kwa hiyo utavaa wetisuti, nguo ya mpira inayoingia maji, ya milimita 3 au 5. Chuma kinasifiwa sana na wazamiaji wa Ulaya kwa sababu wao huvaa draisuti, nguo kavu inayotiwa hewa ndani. Nguo ile huelea mno na chuma huizamisha. Bawa likipasuka, mzamiaji huongeza hewa kwenye nguo akapanda nayo. Wewe mwenye wetisuti huna akiba hiyo.

Sasa piga hesabu. Hewa ina uzito, lita moja ni kama gramu 1.2. Mitungi miwili ya lita 12 ikijazwa baa 200 (baa ni kipimo cha presha) inabeba lita 4,800, yaani kilo 5.8 za hewa tu. Mitungi yenyewe ikiwa mitupu, pamoja na manifoldi (bomba linaloiunganisha) na mikanda inayoifunga pamoja, tuchukue inazama kwa kilo 3. Regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa mdomoni), geji na taa kilo 2. Bamba la stenlesi la mgongoni kilo 2. Wetisuti iliyokuwa inakuelesha kwa kilo 2 au 3 ukiwa juu, ukifika mita 40 imeshabanwa na maji na imebakiwa na nusu kilo. Jumla yake unazama kwa zaidi ya kilo 12, na humo hamna hata kilo moja unayoweza kuitupa, maana uzito wote umefungwa mgongoni. Hakuna miguu ya kupandisha kilo 12 kutoka mita 40.

Chukua sasa mitungi pacha ya alumini, ile mnayoiita themanini, yenye ujazo wa lita 11.1 na presha ya baa 207. Mmoja ukijaa unazama kwa chini ya kilo moja. Ukiisha unaelea kwa karibu kilo 2. Miwili mitupu inaelea kwa kilo 4, toa moja ya manifoldi na mikanda, zinabaki 3. Hewa ya baa 200 ni kilo 5.3. Vifaa vingine ni vilevile. Kule mita 40 unazama kwa kilo 5.8 tu, chini ya nusu ya ule mzigo wa chuma. Na mwisho wa mbizi, mita 6, ukiwa na baa 50, wetisuti imeshavimba tena na uko karibu sawasawa na maji. Hapo ongeza kilo 1 au 2 za risasi, yaani vipande vya uzito, kwenye mkanda wa kiunoni, kwa sababu siku ya taabu unaweza kufika kituo cha mwisho ukiwa na baa 20, na mtungi wa alumini mtupu utakuvuta juu kabla ya muda wako. Risasi hiyo inatupika, lakini si ya kutupwa ovyo wakati bado una vituo vya kusimama.

Uzito wa mikanda na regyuleta tuliotaja ni wa mfano. Pima vyako. Chukua mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, jaza pipa maji ya bahari, funga kifaa kwa kamba, kizamishe chote bila kugusa chini, soma. Kinachoelea kifunge na risasi ya uzito unaoujua, pima vyote pamoja, kisha toa uzito wa ile risasi kama unavyosoma ikiwa peke yake majini. Andika kila namba kwenye daftari. Ndizo utakazozihitaji ukifika kwenye bawa.

Ukiamua alumini, oanisha mitungi ya kiwanda kimoja na umri unaokaribiana. Kipenyo cha themanini ni milimita 184, na cha mitungi mingi mirefu ya chuma ya lita 12 ni 171, kwa hiyo mikanda ya mgeni wako haitaingia kwenye alumini hata ukiibembeleza. Bolti za mikanda ziachane milimita 280 katikati kwa katikati, ndiyo nafasi ya matundu ya bamba. Mkanda wa juu ukae chini kidogo ya bega la mtungi. Ukiufunga chini mno mitungi inapanda na kisogo kitagonga manifoldi kila unapoinua kichwa. Ukiupandisha mno mitungi inashuka na mkono hautafika kwenye valvu, na mzamiaji asiyefika kwenye valvu zake mwenyewe ana mitungi miwili ya mapambo.

Valvu ya kushoto ndiyo ya kuichunga. Ukienda mbele ukasugua kitu juu yako, mwamba au dari la meli iliyozama, kitasa cha kushoto huzunguka upande wa kufunga, cha kulia upande wa kufungua. Ndiyo maana hozi ndefu ya mita 2.1, ile ya kumpa mwenzako akiishiwa, hufungwa kulia.

Swali: Mimi naona mitungi pacha ni mzigo tu kwenye boti zetu. Kwa nini mtungi mmoja wa lita 15 usitoshe? (Matemwe)

Jibu: Mtungi mmoja una valvu moja. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa, ikikatika au regyuleta ikianza kumwaga, gesi yote inapita mlango mmoja. Kwenye mitungi pacha unafunga upande ulioharibika na unaendelea kuvuta wa pili, na valvu ya katikati ya manifoldi inakuokolea nusu ya gesi ikiwa manifoldi yenyewe ndiyo inayovuja.

Halafu kuna akiba. Chukua mbizi ya mita 40 kwa naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 28, ambayo kina hicho ndicho mwisho wake kwa presha ya oksijeni ya baa 1.4. Mwenzako ameishiwa. Mnavuta wawili, kila mmoja lita 30 kwa dakika kwa sababu ya hofu, jumla 60. Dakika moja ya kupeana regyuleta na kutulia, kwa baa 5 za maji na hewa. Kisha dakika 3 za kupanda hadi mita 21, mnapobadili na kuvuta gesi ya mtungi wa pembeni, kwa wastani wa baa 4 hivi. Inakuja kama lita 1,030. Kwenye mtungi mmoja wa themanini hiyo ni baa 93. Kwenye lita 15 ni 69. Kwenye pacha za themanini ni 46, tunaandika 50.

Sasa toa akiba hiyo kwenye baa 200 uone unabakiwa na nini, kwa mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, yaani 100 akiwa mita 40. Themanini moja inakupa dakika 11, kushuka kukiwamo. Lita 15 inakupa 19. Pacha zinakupa 33. Mtungi mmoja unatosha mita 40 kwa kwenda kuchungulia na kurudi. Kwa kazi ya kukaa huko, hautoshi.

Swali: Ndugu wahariri, muuzaji ananiambia bawa kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo lilivyo salama, na ameniwekea la pauni 60 lenye tyubu mbili. Nazamia kwa pacha za alumini na wetisuti ya milimita 5. (Kiwengwa)

Jibu: Muuzaji anasema hivyo kwa sababu bawa kubwa lina bei kubwa. Bawa linahesabiwa. Rudi kwenye daftari la mizani: pacha za alumini zilizojaa, na risasi ya kilo 2, zinakuzamisha kwa karibu kilo 8 chini kabisa. Ongeza mtungi mdogo wa pembeni na regyuleta yake, kilo 1 au 2. Ongeza kilo 4 za kukuweka kichwa na valvu nje ya maji ukisubiri boti. Inafika 14. Bawa lenye nguvu ya kuinua kilo 15 hadi 18 linatosha. Kwenye lebo za Marekani, 18 ni pauni 40. La pauni 60 ni kilo 27, na hizo 9 za ziada hazikuongezei chochote isipokuwa kitambaa.

Kitambaa hicho kina hasara yake. Bawa kubwa lenye hewa kidogo hujikunja na kuizunguka mitungi kwa nyuma, hewa ikajibana kwenye kona iliyo mbali na valvu ya kutolea. Unavuta kamba, haitoki. Na hewa iliyokwama mita 40, ukifika mita 6 imeshavimba zaidi ya mara tatu. Hivyo ndivyo watu wanavyokosa kituo cha mwisho na kuchomoka juu kama kizibo, halafu lawama zinaenda kwa risasi.

Hakikisha pia bawa ni la mitungi miwili. La mtungi mmoja ni jembamba, likifungwa kwenye pacha linabanwa kati ya mitungi na bamba na halijai hata ulipulize vipi. Kuhusu umbo, lililozunguka kama duara hewa yake inahama kulia na kushoto kwa kupitia chini. La umbo la U lazima ujipinde ili hewa ivuke. Sisi tunapendelea la duara.

Tyubu mbili, yaani mifuko miwili ya hewa ndani ya bawa moja? Kwa mwenye chuma na wetisuti tungesema ndiyo bila kusita, ingawa afadhali asiwe na chuma. Kwa pacha za alumini, tyubu moja, risasi inayotupika na boya la kupandia lenye nguvu vinatosha, na mambo ya kuharibika yanapungua. Wapo walimu wanaotaka tyubu mbili kwa kila mwenye wetisuti, na wana hoja. Ukiwa chini ya mwalimu fuata lake. Lakini jua kinachowasumbua wenye tyubu mbili: kitufe cha pili kinavuja polepole, tyubu isiyotarajiwa inajaa, mzamiaji anatoa hewa kwenye ile ya kwanza na haelewi kwa nini bado anapanda. Hozi ya kwanza ifunge kwenye regyuleta ya kulia, ya pili kushoto. Wengine huiacha ya pili bila kuichomeka, imelazwa chini ya mpira karibu na kitufe chake, tayari.

Bawa la mtumba lipime hivi. Lijaze hadi valvu ya chini ifunguke yenyewe na kutoa hewa. Lizamishe kwenye pipa na utazame sehemu tatu: kiwiko cha hozi, kiti cha valvu ya chini, na kitufe cha kujazia. Kisha liache limejaa usiku kucha. Asubuhi litakuwa limelegea kidogo kwa ubaridi, hilo si tatizo; likiwa limelala chapati, liache. Mwisho bonyeza kitufe cha kujazia na ukiachie mara kumi. Kila mara hewa ikate papo hapo. Ikichelewa hata kidogo, kuna chumvi ndani, na chumvi hiyo siku moja itakigandisha kitufe kikiwa kimefunguka. Likikufika hilo chini ya maji, chomoa hozi kwanza, ndipo utoe hewa. Wengi huanza kutoa hewa huku hozi bado inajaza, na bawa linawashinda mbio.

Swali: Fundi wetu amepata valvu mpya ya mtungi wa alumini wa Marekani. Imeingia lakini inacheza kidogo mwanzoni, halafu inakaza. Anasema tuzungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ni sawa? (Mkoani)

Jibu: Si sawa, na mtungi huo usiujaze hata baa 10. Hii ndiyo barua iliyotutia wasiwasi kuliko zote.

Mitungi ya alumini ya Marekani huwa na uzi uitwao wa robo tatu ya inchi (ni jina la kipimo cha bomba, si kipenyo), nyuzi 14 kwa inchi, unaoandikwa 3/4-14 NPSM. Kipenyo cha uzi wa valvu yake ni zaidi ya milimita 26. Valvu nyingi za Ulaya ni M25x2, milimita 25 na hatua ya milimita 2. Ile ndogo inaingia kwenye shingo kubwa. Inacheza kwa sababu ni nyembamba, na inakaza kwa sababu hatua za nyuzi hazilingani, zikisonga mizunguko michache zinabanana. Fundi anahisi imeshika. Imeshika kwa ncha za nyuzi tu.

Shingo ya milimita 25 ina eneo la karibu sentimita za mraba 5. Kwa baa 200, hewa inaisukuma valvu kwa nguvu ya karibu tani moja. Ncha za nyuzi za alumini zinaweza kustahimili kwa muda presha ikipanda, kisha valvu ikaruka wakati mjazaji ameinama juu yake. Kwingineko duniani mchanganyiko huu umeshasababisha ajali mbaya.

Tepu haina kazi hapo. Kinachozuia hewa ni oringi chini ya kola ya valvu; uzi kazi yake ni kubeba. Angalia maandishi kwenye shina la valvu na kwenye bega la mtungi, yalingane herufi kwa herufi. Maandishi yakiwa yamefutika, pima kwa vernia. Usipopata uhakika, valvu hiyo iweke kando na uifunge waya mwekundu ili mwingine asiichukue.

Na kwa kuwa umeshauliza habari za valvu: kwa kuzamia kiufundi tafuta zinazopokea regyuleta ya DIN, ya kuingiza kwa uzi. Clampu ya kawaida inayokumbatia valvu inaweza kusogea ikigongwa, na oringi ikachomoka. Mitungi mingi ya kukodi ina valvu inayopokea aina zote mbili. Ndani ya tundu kuna kipande cha kuingiza kinachotoka kwa ufunguo wa pembe sita, na chini yake kuna nyuzi za DIN. Kitoe mtungi ukiwa mtupu au valvu imefungwa na hewa imetolewa, na kihifadhi.

Swali: Shikamooni. Nimeuziwa mitungi miwili ya alumini ya zamani, imepakwa rangi mpya nzuri sana. Nitajuaje kama ni mizima? (Kijana wa Wete)

Jibu: Marahaba, mwanetu. Rangi mpya ndiyo ya kuiogopa. Muulize aliyeipaka kama mtungi uliingia kwenye tanuri la kukaushia rangi za magari. Alumini ya mtungi ikipita nyuzi 175 hivi hupoteza ugumu wake, kwa macho hutaona kitu, na mtungi huo hautakiwi kujazwa tena.

Kisha soma begani. Mtungi wa Marekani utasema 3AL na 3000 au 207, namba yake, na tarehe ya jaribio la kwanza la presha ya maji. Mtungi wa Ulaya unaandika presha ya kazi na ya jaribio, kwa mfano 232 na 348. Marekani hutaka jaribio hilo kila miaka 5, na kila jaribio huacha muhuri wa mwezi na mwaka. Muhuri wa mwisho ukiwa wa zamani kuliko hapo, hesabu gharama ya kupima ndani ya bei.

Tarehe ya kwanza ikiwa kabla ya 1989, au ukiona alama ya 6498 badala ya 3AL, simama hapo. Mitungi mingi ya wakati huo ilitengenezwa kwa aloi ya 6351, ambayo hupata nyufa za polepole kwenye nyuzi za shingo kwa kukaa na presha miaka mingi. Luxfer ya Marekani, kiwanda cha mitungi, iliiacha mwaka 1988 ikahamia 6061. Kuna vipimo vya umeme vya kutafuta nyufa hizo, lakini kwa maoni yetu mtungi wa 6351 usinunuliwe hata kwa bei ya chuma chakavu, maana atakayeujaza si wewe.

Vua kiatu cha mpira cha chini. Chumvi hujificha humo na alumini huliwa mashimo madogo madogo yenye unga mweupe. Mwambie fundi avue valvu amulike ndani. Na kuanzia leo usiruhusu mtungi uishe kabisa. Bakisha baa 20 hadi 30 ili bahari isiingie. Kwa chuma hilo ni zito zaidi, kwani kutu ndani ya mtungi uliofungwa hula oksijeni ya hewa utakayoivuta.

Swali: Mimi ni dada, mwalimu wa kuzamia Kendwa. Nimenunua mapezi mazito ya mpira kama wanayovaa wazamiaji wa kiufundi, sasa miguu inazama na nazamia nimesimama kama mlingoti. Mapezi ni mabaya?

Jibu: Si mabaya, dada, yamekutana na nguo isiyo yake. Mapezi mafupi mazito ya mpira, mfano wa Jet Fin ya Scubapro iliyotoka miaka ya 1960, hupendwa na wenye draisuti kwa sababu hewa huwakimbilia miguuni na uzito wa mpira huishusha. Wewe mwenye wetisuti nyembamba huna hewa miguuni.

Kabla ya kuyauza, jaribu hivi: mita 5, mitungi ikiwa na baa 50, lala sawasawa, mikono mbele, usipige miguu kwa nusu dakika. Miguu ikishuka, pandisha mitungi sentimita 2 au 3 kwenye mikanda, au hamisha risasi kutoka kiunoni ifungwe juu, karibu na mabega. Rudia. Ikigoma, ndipo ubadilishe mapezi, utafute ya mpira mwepesi au ya plastiki ngumu ambayo yenyewe hayazami wala hayaelei.

Chochote utakachochagua, bapa liwe pana, fupi na gumu. Kwenye kina cha kazi tunatumia teke la chura, lisilotimua mchanga, na teke la kurudi nyuma, na kugeuka mahali pamoja. Mapezi yaliyopasuliwa katikati ni matamu kwa kwenda mbele, ila hayarudi nyuma. Marefu ya wazamiaji wa kubana pumzi hayageuki penye nafasi ndogo. Badala ya mkanda wa plastiki wenye bakoli (bizimu) weka springi ya stenlesi. Bakoli huvunjika, na ncha ya mkanda hunasa kamba. Na yajaribu ukiwa na viatu vyako vya kuzamia, kidole gumba kisibanwe.

Wanaouliza mapezi ya kushindana na mkondo wa Leven Bank, ule mwamba wa chini ya bahari kaskazini mwa Unguja, siku za bamvua: hakuna. Nendeni maji mafu, au mkubali kuchukuliwa na boti iwafuate.

Swali: Tunajaza baa 200 kamili, tukifika Mnemba geji inasoma 188. Tunaibiwa?

Jibu: Hapana. Mtungi uliojazwa haraka ulikuwa na nyuzi 45 hivi. Ukipoa kwenye maji ya nyuzi 27, baa 11 au 12 zinaondoka bila hata pumzi moja kutoka. Jazeni polepole kivulini, acheni mipoe, mwongeze. Na mipango ya gesi ifanyeni kwa namba mliyoisoma baada ya kutumbukia.

Swali: Kisima chetu kina maji ya magadi. Vifaa tusuuze kwa nini?

Jibu: Nje, maji hayo yanafaa kuliko bahari. Ndani ya bawa, hapana. Kingeni maji ya mvua, mimineni lita 2 kupitia mdomo wa kupulizia, jazeni hewa nusu, tikiseni pande zote, kisha pindueni mmwage kupitia valvu ya chini ili nayo ioshwe. Rudieni mara moja. Lining'inizeni kivulini likiwa na hewa kidogo ndani, tyubu isigandane.